Pengo la kidole kimoja: giaboksi ya Hilux iliyogoma kurudi kwenye injini

Saa nne asubuhi nilikuwa narudi gerejini kutoka stendi ya mabasi, na kabla sijafika kwenye kivuli nikasikia mlio ambao fundi magari yeyote anaujua: bolti inayolia kwa sababu inakazwa mahali ambapo haitakiwi kukazwa. Gereji yetu iko Ng'ambo, hapa Tabora mjini, chini ya miembe miwili. Vijana wangu wawili walikuwa chini ya Hilux. Mmoja ameikumbatia giaboksi juu ya jeki, mwingine amechomeka bomba kwenye mpini wa raketi, ile spana ya kukazia bolti, ili apate nguvu, anakaza bolti ya juu kushoto.

"Mzee, imeshafika," akasema wa kwanza. "Imebaki kidole tu, tunaivuta."

"Acha. Toa mkono kwenye raketi."

Naandika kisa hiki chote, tangu giaboksi iliposhushwa hadi gari lilipoondoka, kwa sababu najua wapo mafundi wengi wanaoimalizia kazi hii kwa bolti, na wengi wao gari huondoka likitembea vizuri. Linarudi baada ya mwezi likiwa na kelele, na mwenye gari anaambiwa spea zilikuwa feki. Pia kisa chenyewe kilinifundisha kitu ambacho sikukijua vizuri pamoja na miaka yangu yote chini ya magari, nacho nitakieleza nikifika kwenye vipimo.

Gari ni Toyota Hilux ya zamani, ya dizeli, injini ya aina ya 3L, gia tano, inasukumwa na tairi za nyuma. Mwenyewe ni mama anayenunua asali kwa warinaji wa upande wa Sikonge na kuileta mjini kwa ndoo. Lami inamfikisha Sikonge, lakini mizinga haiko kwenye lami. Anaingia msituni, kwenye njia za mchanga katikati ya miombo, ambako dereva anacheza na klachi nusu imeshika nusu inateleza kwa dakika nyingi mfululizo, nyuma kuna mzigo. Klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haiwezi kudumu kwa maisha hayo. Alikuja akilalamika kwamba injini inapanda mzunguko, gari haliongezi mwendo, na kabini yote inanuka kuungua.

Uchunguzi wa mwanzo haukuwa na ubishi. Tulishusha propela shafti, tukatoa stata, tukaondoa krosi memba, yaani chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi, tukaishusha giaboksi. Klachi pleti ilikuwa imelika hadi ribiti zinakaribia kugusa chuma. Kwa Toyota za aina hii kina cha ribiti kikifika milimita 0.3 klachi pleti imekwisha, na hii ilikuwa chini ya hapo. Tukanunua kwa pamoja klachi pleti, presha pleti inayoibana, na rilizi beringi inayoiachia ukikanyaga pedali. Pailoti beringi, ile ndogo inayokaa nyuma ya krankshafti (shafti kuu ya injini) na kupokea ncha ya shafti ya giaboksi, ilikuwa inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, nayo tukaibadilisha. Uso wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi pleti inabanwa juu yake, tuliusugua kwa msasa na kuufuta mafuta yote.

Jana yake jioni

Hapa ndipo kila kitu kilipoanza kupotoka, na mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeitwa Cheyo kwenye gari lililozima njiani. Nilipowahoji vijana baadaye, bila kuwafokea, kwa sababu mtu anayefokewa anaanza kuficha, walinisimulia hivi.

Kwenye boksi la klachi hakukuwemo kile kijiti cha plastiki cha kuweka klachi pleti katikati. Giza lilikuwa linaingia. Mmoja akaishika klachi pleti kwa mkono, akaikadiria kwa jicho kupitia tundu la presha pleti, mwenzake akaanza kukaza. Alikaza bolti ya kwanza hadi mwisho, akahamia ya jirani yake, naye akaikaza hadi mwisho, na kuendelea hivyo kwa mzunguko. Bolti hizo zinatakiwa zikazwe kwa kuvukana, nusu raundi kwa nusu raundi, hadi presha pleti ikae sawa pande zote, kisha ndiyo zipewe torki yake, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza, ambayo ni Newton mita 19 tu. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, presha pleti inakaa kimshazari, na inaponyooka baadaye inaisukuma klachi pleti itoke pale ulipoishika. Jicho lingeweza kuwa sahihi kabisa mwanzoni na bado matokeo yakawa mabaya.

Wakaacha injini ikiwa imeegemea jeki chini ya sampu (bakuli la oili ya injini), na kipande cha ubao katikati, wakaenda kulala.

Asubuhi walipoipandisha giaboksi, shafti iliingia kwenye meno ya klachi pleti bila taabu. Walikuwa wameweka gia ya nne, na kijana mmoja alikuwa anaizungusha yoki ya nyuma taratibu hadi meno yakakutana. Hiyo ni kazi nzuri na niliwasifu. Kisha ikasimama. Wakaitikisa kushoto na kulia, juu na chini. Wakainua, wakashusha. Mmoja akakumbuka jambo alilowahi kuliona: ukiusukuma uma wa klachi, ule unaosukuma rilizi beringi, kwa pau huku giaboksi ikisukumwa, klachi pleti inaachiwa na inaweza kujiweka katikati yenyewe. Ni kweli, na kwa kasoro ndogo sana njia hiyo hufanya kazi. Walijaribu mara nne au tano. Haikusogea. Ndipo zikaletwa bolti mbili ndefu na bomba.

Niseme wazi kwa nini nilisimamisha kazi pale pale. Bolti za giaboksi kazi yake ni kushikilia vitu viwili ambavyo tayari vimegusana. Hazikutengenezwa kuvuta. Giaboksi inatakiwa ifike yenyewe kwa nguvu ya mikono, uso kwa uso na injini, pini za mwongozo zikiwa zimeshaingia kwenye matundu yake, na pengo likiwa sifuri, ndipo bolti inakazwa. Ikigoma kwa mkono, kuna kitu katikati kinachoizuia. Ukikaza bolti, kile kitu hakiondoki. Kinapondwa. Na vitu vilivyomo katikati ni vile vile ulivyotoka kuvinunua: kitovu cha klachi pleti, pailoti beringi, na ncha ya shafti ambayo ukiipinda giaboksi nzima inafunguliwa. Hauzingi yenyewe, lile ganda la mbele la giaboksi, ni ya aluminiamu, na masikio yake ya bolti hayawezi kushindana na bolti ya chuma yenye bomba la nusu mita.

Vipimo

Kabla ya kulegeza chochote nilipima pengo sehemu nne kwa venia, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita, kwa sababu ushahidi ukishalegezwa haurudi. Juu kulikuwa na milimita 8, chini 15. Hiyo haikuniambia mengi, maana bolti za juu ndizo zilizokuwa zimekazwa. Tukazilegeza zote mbili kwa zamu, robo raundi kila upande, tukaiacha giaboksi ipumue, kisha tukaisukuma kwa mikono tu hadi iliposimama yenyewe. Nikapima tena. Juu 14, chini 20. Kushoto na kulia zilikuwa sawa.

Vipimo hivyo viwili viliniambia mambo mawili tofauti, na ndiyo maana nasisitiza kupima kuliko kutikisa.

La kwanza ni wastani, yaani milimita 17, upana wa kidole kama kijana alivyosema. Ukubwa wa pengo unakuonyesha shafti imekwama wapi. Tuliishusha giaboksi, nikaweka rula ya chuma juu ya uso wa hauzingi na kupima hadi ncha ya shafti, kisha nikapima upande wa injini, kutoka uso wake hadi uso wa pailoti beringi. Ukizioanisha namba hizo unapata pengo litakalokuwepo wakati ncha inagusa beringi. Jibu lilikuwa 17. Kwa meno ya klachi pleti lilikuwa kubwa zaidi, karibu 50. Kwa hiyo meno hayakuwa na kosa. Shafti ilikuwa imeshapita kwenye klachi pleti na ncha yake ilikuwa inagonga ukingo wa pailoti beringi badala ya kuingia tunduni. Kama tungekuwa tumekwama kwenye pengo la 50 ningetafuta kosa kwingine kabisa, kwa mfano klachi pleti iliyogeuzwa au yenye idadi tofauti ya meno. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na nawaomba mafundi wenzangu wakifanye kabla ya kuipandisha giaboksi, wakiandika namba kwa chaki kwenye hauzingi yenyewe.

La pili ni tofauti ya juu na chini, milimita 6. Hiyo niliiona, nikaiandika, na nikaiweka pembeni. Nilikosea kuiweka pembeni.

Niliiweka pembeni kwa sababu kosa la klachi pleti lilikuwa mbele ya macho. Nilipopima kutoka kwenye kitovu chake hadi kwenye ncha za vidole vya presha pleti pande zote, nilikuta imeshuka chini milimita 2. Kwenye ukingo wa chini wa pailoti beringi mpya kulikuwa na alama pana inayong'aa, ambayo ilipita ringi ya ndani na kuchubua hadi kwenye raba inayoziba beringi. Kila kitu kilipatana. Nikawaambia vijana tumeshampata mwizi.

Kijiti cha kuwekea katikati hatukuwa nacho, lakini tulikuwa na kitu bora kuliko kijiti: mafundi wenye mashine za kukereza mbao, na mti wa mninga. Ukiwa na shafti ya giaboksi iliyokufa ya gari lile lile, hiyo ndiyo bora kuliko zote, na kila gereji ingepaswa kutunza moja. Sisi ya Hilux hatukuwa nayo. Nikampelekea mkerezaji vipimo vitatu: ncha ya milimita 12 iingie kwenye beringi bila kucheza, tumbo lijae kwenye kitovu cha klachi pleti kati ya meno, na mkia mrefu wa kushikia. Mninga hauvimbi wala haupindi kirahisi na unakerezeka laini. Baada ya saa moja nilikuwa na kijiti mkononi, na hadi leo kimening'inia ukutani.

Tukalegeza presha pleti, tukachomeka kijiti, tukakaza upya kwa kuvukana. Kijiti kilitoka na kuingia bila kugusa popote. Pailoti beringi niliichomoa, nikaweka mpya. Ni saizi ya 6201, tundu milimita 12, nje 32, unene 10, hupatikana hata kwenye maduka ya spea za pikipiki. Ncha ya shafti nikaipaka wino mzito wa kalamu ya kuandikia maboksi, ili ikigusa mahali pasipotakiwa iache chapa.

Tukaipandisha. Meno yakakutana. Ikateleza, ikasimama. Pengo: juu 14, chini 20. Namba zile zile.

Kijana mkubwa akanitazama. "Mzee, basi klachi pleti haikuwa na shida."

Hapo ndipo lilipo lile somo nililosema. Alichosema kilisikika kama mantiki: tumerekebisha kitu, dalili haijabadilika hata milimita, basi kitu kile hakikuwa sababu. Fundi mwingine angerudi nyuma na kusema kumbe jana tuliweka sawa, tatizo ni giaboksi. Lakini mlango uliofungwa kwa makufuli mawili ukifungua moja, mlango haufunguki hata kidogo. Hausogei nusu. Ncha ya shafti ni hivyo hivyo: ama inaingia kwenye tundu, ama inagonga ukingo, na ikigonga ukingo kwa milimita 3 au kwa milimita 1, pengo linabaki lile lile. Pengo halipimi ukubwa wa kosa. Linapima tu mahali shafti iliposimama.

Chapa ya wino ndiyo iliyotoa ushahidi. Tulipoishusha tena, kwenye beringi kulikuwa na chapa mpya, upande ule ule wa chini, lakini sasa ilikuwa kijimstari chembamba kama mwezi mwandamo, kwenye mdomo kabisa wa tundu. Ile ya kwanza ilikuwa pana na ilifika kwenye raba. Ncha ilikuwa imepanda. Klachi pleti ilikuwa kosa kweli, tumeliondoa, na bado kulikuwa na kosa jingine lililokuwa linaishusha ncha kidogo.

Nikarudi kwenye ile tofauti ya 6 niliyoiweka pembeni.

Uso wa hauzingi una kimo cha kama milimita 350. Tofauti ya 6 kwenye 350 ni kama digrii moja. Yaani injini na giaboksi hazikuwa zimelala kwenye mstari mmoja. Digrii moja mtu haioni kwa macho akiwa amelala chini ya gari, lakini kutoka kwenye kitovu cha klachi pleti hadi kwenye pailoti beringi kuna milimita kama 50, na kwa digrii moja ncha inakuwa imeshuka karibu milimita 0.9. Ncha na tundu lake zimetofautiana kwa sehemu ndogo sana ya milimita. 0.9 ni ukuta.

Na pengo lilikuwa dogo juu, kubwa chini. Hiyo inaelekeza upande mmoja: sehemu ya nyuma ya injini ilikuwa imeinama, uso wake wa nyuma ukalalia upande wa giaboksi kwa juu. Injini ikiwa haina giaboksi wala krosi memba, inabaki imekaa kwenye maunti mbili za pembeni, na nyuma hakuna kinachoishikilia isipokuwa kile ulichokiweka wewe. Nasi tulikuwa tumeweka jeki.

"Hii jeki mliiweka lini?"

"Jana, tulipoishusha giaboksi. Ilikuwa sawa kabisa, Mzee. Hatujaigusa."

Walikuwa wanasema kweli. Hawakuigusa. Jeki ilishuka yenyewe usiku. Nilichora mstari wa chaki kwenye nguzo yake, usawa wa mdomo wa silinda, tukaiacha na uzito wake ule ule, tukaenda kunywa chai na kufanya kazi nyingine. Baada ya saa tatu mstari ulikuwa umezama milimita 2. Tangu jioni hadi asubuhi ni saa 13 hivi, kwa hiyo ilishuka kati ya milimita 8 na 9, na kutoka kwenye maunti hadi pale jeki ilipokaa ni karibu nusu mita. Ukipiga hesabu unarudi kwenye digrii moja. Sijawahi kufurahia hesabu kama siku ile, kwa sababu njia mbili tofauti, venia kwenye pengo na chaki kwenye jeki, zilifika mahali pamoja.

Jeki ni yangu. Nilijua inavuja kidogo. Nimekuwa nikiitumia kuinulia tu, kisha naweka stendi, na hivyo haikuwahi kunidhuru. Lakini sikuwaambia vijana, na wao wakaifanya stendi ya usiku. Kama kungekuwa na mtu chini ya kitu kizito zaidi, kisa hiki kingekuwa cha aina nyingine. Hilo nililisema mbele yao wote, na nilisema kosa ni langu.

Kuirudisha

Tulichukua jeki nzima, tukainua injini kidogo kidogo chini ya sampu, ubao mpana katikati ili sampu isibonyee, kisha tukaweka stendi. Unaweza pia kuiacha injini ilivyo na kuinamisha mkia wa giaboksi hadi pengo liwe sawa, na watu wengi hufanya hivyo wakiwa na haraka. Matokeo ni yale yale, ila mimi napenda injini irudi mahali pake kwa sababu krosi memba nayo itataka usawa huo baadaye.

Kitu kingine tulichoongeza ni bolti za kuongozea. Unatafuta bolti mbili ndefu zenye nyuzi za saizi ile, unakata vichwa kwa msumeno wa chuma, unachonga mfereji kwenye ncha ili uweze kuzifungua kwa bisibisi, unazifunga kwa mkono kwenye matundu mawili ya juu ya injini. Giaboksi inazipanda kama treni kwenye reli. Inazuia kuyumba, na inabeba sehemu ya uzito, maana giaboksi ya namna hii watu wawili wanaweza kuibeba lakini hawawezi kuibeba na kuilenga kwa wakati mmoja. Uzito wake ukining'inia kwenye kitovu cha klachi pleti unakipinda, hata bila bolti ya mtu yeyote.

Kabla ya kuipandisha mara ya mwisho nilimulika tochi ndani ya hauzingi, na nikaona kosa la tatu. Uma wa klachi ulikuwa umechomoka kwenye kichwa chake cha duara na umelala upande, rilizi beringi imeegemea bila kibano. Ilitokea wakati wa kuusukuma kwa pau. Hili lisingezuia giaboksi kuingia. Ingeingia, tungefunga kila kitu, propela, stata, krosi memba, oili, kisha mama angekanyaga pedali ikaenda hadi chini bila kufanya chochote, na tungeanza upya. Nililiogopa hili kuliko mengine yote mawili, kwa sababu lilizaliwa na jitihada za kutibu kosa la kwanza, na hakuna kipimo cha nje ambacho kingelionyesha. Tukaurudisha uma, tukapaka grisi kidogo kwenye kichwa cha duara, tukafunga kibano. Kwenye meno ya shafti pia grisi kidogo sana, ya kufutwa hadi ibaki rangi tu, maana ikizidi inarushwa kwenye klachi pleti.

Tukaisukuma. Meno yakakutana, ikateleza kwenye bolti za kuongozea, nikasubiri ile sehemu ya kidole kimoja. Haikusimama. Ilipita pale kama hapakuwa na kitu, ikagusa injini kwa mlio mzito, mmoja tu. Nilizunguka pande zote na fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya: hata kibapa cha milimita 0.05 hakikupenya. Mkono mmoja wa kijana ndio uliokuwa umeisukuma. Bolti zote zikaingia kwa vidole hadi mwisho, na raketi ilikuja mwisho kabisa, ikifuatiwa na spana ya torki.

Uharibifu tulioukagua kabla ya kufunga ulikuwa huu. Bolti mbili zilizotumika kuvutia zilikuwa zimerefuka. Utaijua bolti iliyorefuka ukiilaza nyuzi kwa nyuzi na bolti nzima na kuzishika kwenye mwanga: nyuzi zinakaa vizuri mwanzo, kisha zinaachana na mwanga unapita. Zikatupwa. Pailoti beringi ya kwanza, mpya ya siku moja, ilikuwa inazunguka kwa mikwaruzo. Ikatupwa. Klachi pleti niliifunga kwenye shafti na kuizungusha chini ya saa ya kupimia, ikayumba milimita 0.5, na mwisho unaoruhusiwa ni 0.8, kwa hiyo ikabaki. Masikio ya hauzingi tuliyaosha, tukayapaka mafuta ya taa, tukasubiri, tukafuta hadi yakakauka, kisha tukapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yanapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Nilikaa naitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama alikuja jioni. Nilimweleza yote, pamoja na jeki. Akauliza swali moja tu, "Fundi, hicho kilichoharibika nalipa mimi?" Nikamwambia beringi na bolti ni za gereji, na siku moja aliyopoteza siwezi kuilipa ila naomba radhi. Akasema, "Sawa baba. Warinaji wananisubiri kesho kutwa, sio kesho."

Tulitoa hewa kwenye mfumo wa klachi, tukapima uhuru wa pedali, tukajaza oili ya giaboksi hadi iliposawazika na tundu lake. Kisha tukaenda majaribio hadi Kwihara, penye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Njia ile ina vumbi na mashimo ya kutosha kuuliza swali lolote unalotaka kuliuliza gari. Nilisikiliza hasa wakati pedali imekanyagwa hadi chini gari likiwa limesimama, kwa sababu pailoti beringi inafanya kazi wakati huo tu, shafti ikiwa imesimama na krankshafti inazunguka. Kimya. Gia ya kwanza na ya rivasi ziliingia bila kukwaruza. Kwenye mlima mdogo niliweka gia ya nne na kukanyaga mafuta, mzunguko na mwendo vikapanda pamoja.

Ile jeki tuliifungua wiki iliyofuata. Oringi, yaani ringi ya mpira, ya chini ya pistoni ilikuwa imekatika upande mmoja, mkato mdogo kama kucha. Saizi yake sijaipata mjini hapa. Iko kwenye kona ya gereji imefungwa kitambaa chekundu, na vijana wote wawili wanajua kitambaa kile kina maana gani.